Vitambaa Visivyolingana

Mdogo wangu alirudi Kilosa kutoka Mikumi kwa sababu ya baridi. Ndivyo alivyosema mwenyewe aliposhuka kwenye basi, amejitanda kanga juu ya kanga, na jua la kabla ya mvua likituwakia utosini hadi mbwa wanagombania uvungu wa magari. "Dada, huko Mikumi kuna baridi," akasema. Mikumi! Nilimpokea mfuko, nikamshika mkono kumvusha barabara, na ule mkono ulikuwa umebaki ngozi na mfupa. Sikumwuliza kitu. Niliogopa atanijibu.

Huko alikuwa mpishi kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu, pale malori yaendayo Zambia yanapopumzika. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na kila aliyeweza kusimamisha nguzo na kuezeka bati alifungua hoteli. Aliishi na dereva mmoja, mtu wa vicheko vingi, ambaye sikuwahi kumpenda wala kumchukia. Dereva yule alikonda, akarudishwa kwao, akafa. Ndugu zake walikuja kuchukua vyombo, wakang'oa hadi mlango wa chumba. Mdogo wangu akabaki na mfuko aliokuja nao.

Mimi nilikuwa mwanamke niliyeachika, fundi cherehani wa barazani. Ruksa ilileta mitumba, na mitumba ikanila mimi. Wale waliokuwa wakinililia niwashonee magauni ya Krismasi niliwaona sokoni wameinama kwenye marundo, matako juu, wakichagua nguo za wafu wa Ulaya. Kwangu waliniletea suruali za Wazungu wanene niwapunguzie. Nilizipunguza, huku nikiwatukana moyoni. Nasema haya ili ijulikane kwamba hata kabla ya mdogo wangu kurudi sikuwa mtu wa moyo laini.

Nilimpa kitanda changu cha futi tatu na nusu, nami nikalala kwenye mkeka. Nilimfunika blanketi la kijivu, lile la kukwaruza. Akasema linamlemea, linamchoma ngozi. Nikaliondoa, nikamfunika kanga. Akatetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Siku ile alisema neno moja tu, kwamba anataka mfarishi kama wa mama.

Mfarishi wa mama ulikuwa wa viraka, wa kujaa kitanda kizima, umejazwa pamba ndani. Ulikuwa mwepesi, na ulihifadhi joto. Wasichana tuliosoma shule ya misheni huko milimani tulifundishwa kuushona. Huku bondeni kanisa likafanya desturi yake juu ya somo lile: mwenzetu akijifungua au akilala kitandani, akina mama tunakusanyika nyumbani kwake, kila mmoja na kanga yake kuukuu, tunakata, tunaunga, tunapiga soga, mgonjwa anatusikia kutoka chumbani. Jioni anafunikwa. Nilishakaa kwenye mikeka ya namna hiyo mara nyingi, na kusema kweli nilikwenda kwa ajili ya soga.

Jumapili baada ya ibada nikamwendea mama mwenyekiti, nikamwamkia, nikamweleza. Aliitikia marahaba, akanisikiliza huku akitazama miguu yangu.

"Tutakuja, mwanangu," akasema. "Mgonjwa haachwi."

Hawakuja. Nilifagia uwanja, nikaazima mikeka, nikachemsha chai kwenye sufuria kubwa. Mdogo wangu alijikokota akaniomba nimsuke nywele ili wamkute yuko nadhifu, nami nikamsuka, nikizishika taratibu kwa sababu zilikuwa zikibaki mkononi. Mchana ukapita. Mjukuu wa mama mwenyekiti ndiye aliyekuja, akasimama nje ya uzio, akatundika fuko la plastiki kwenye mti wa uzio kana kwamba ndani mna mbwa mkali.

"Bibi anasema wamekatia nyumbani," akapaza sauti. "Anasema uunge tu."

Ule ugonjwa hakuna aliyeutaja, lakini wote waliujua. Waliogopa mkeka wetu, vikombe vyetu, hata sindano zetu. Nilirudi ndani na lile fuko, nikamkuta ameketi kitandani, kanga safi begani, anatazama mlango.

"Wako wapi?" akauliza.

"Wamebanwa na mashamba," nikasema.

Alijilaza akageukia ukutani. Nilihisi hasira ambayo sijawahi kuihisi tangu siku ile, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Nikaimwaga ile chai yote kwenye mgomba.

Asubuhi nikafungua fuko. Vitambaa vilikuwa vizuri, hilo siwanyimi. Hakuna aliyeleta tambara la jikoni. Nikavipanga sakafuni safu kwa safu, na hapo ndipo nilipoliona balaa. Hakuna kitambaa kilicholingana na mwenzake.

Mtu wa mbali atashangaa mafundi wazima tunakoseaje hivyo. Sisi mfarishi hatukuupima kwa tepu. Kipimo chetu kilikuwa shibiri moja na vidole vinne kila upande, na siku zote aliyepima alikuwa mtu mmoja, mama mwenyekiti, kwa mkono wake, tukiwa tumemzunguka. Anaweka kiganja, sisi tunatia chaki, tunakata. Safari hii kila mmoja alikuwa kwake, akaweka kiganja chake mwenyewe. Bibi mwenye vidole vya ndege alikata kitambaa cha kufutia pua. Mwingine alikata cha kutosha kufunika kikapu. Wengine walipima kwa vidole vilivyobanana, wengine kwa vilivyotanuka. Wangekuja, wangekaa kwenye mkeka mmoja, yote yasingetokea. Nilitazama ile sakafu nikaona woga wao wote umetandazwa pale, umekatwa kwa mkasi.

Mwalimu wetu wa misheni alitufundisha dawa moja: vitambaa visipolingana, chukua kilicho kidogo kuliko vyote, kiweke juu ya vingine, punguza. Nikatia chaki, nikaanza kukata. Mkasi ulikuwa mkali nami nilikuwa mkali zaidi, nikavipunguza vikubwa kwa raha ya kisasi, nikiwataja wenyewe mmoja mmoja. Nikaunga safu mbili kwa cherehani, nikazinyoosha kwa pasi ya mkaa, nikaenda nazo kitandani kupima. Kwa upana zilimfika nusu ya kifua. Nikahesabu safu zilizobaki, nikaona kwa urefu mfarishi wote ungeishia magotini.

"Miguu je?" mdogo wangu akauliza. Miguu ndiyo iliyokuwa ikimganda zaidi ya mwili wote. Kila siku nilikuwa nikiisugua kwa mafuta ya nazi.

Vipunguzwa vilikuwa vimezagaa chini, vyembamba, havifai hata kufungia maua. Nilikuwa nimekata karibu nusu ya vitambaa vyote, na kilichokatwa kimekatwa. Niliketi sakafuni nikaweka uso magotini.

Kilosa ukipiga chafya stesheni, sokoni wanakwambia pole. Sijui nani aliyechungulia dirishani, lakini habari zilienea kwamba fundi anavikatakata vitambaa vya watu, anavitupa. Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Tindiga. Ukoo wake ulihamia kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, wakalima mpunga, naye akajiunga na kanisa letu akakaa benchi la nyuma kwa sababu akina mama wa hapa walikuwa bado wanamtazama kama mgeni. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mipana. Alikuja kwa miguu juani akavuka uzio bila hodi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu, maana hata ugomvi una utaratibu wake. "Haya. Kitambaa changu kiko wapi?"

Nikamwonyesha. Alikishika, akakipima kwa kiganja chake, macho yakamtoka.

"Umekikata!"

"Kilikuwa kikubwa, mama."

"Kikubwa! Hii kanga nimetoka nayo kwetu. Nimebebea watoto wote. Nimekaa nayo kwenye treni, imelowa machozi kutoka kwetu mpaka hapa. Nimewapa ninyi kipande, kipande tu, wewe unaniambia kikubwa? Kwani wewe umenipimia?"

Nami nikapandisha. Nikamwambia angekuja siku ya mkeka angenipimia mwenyewe. Nikamwambia vitambaa vinavyotupwa uzioni kama chakula cha mbwa havina mwenyewe. Akasema hakuambiwa siku ya mkeka. Yeye aliambiwa alete kitambaa, akaleta. Akina mama hawakumwambia zaidi. Hilo sikulijua.

"Mama," sauti ikatoka chumbani. "Shikamoo."

Akageuka. Mlango ulikuwa wazi. Alimtazama mdogo wangu kwa muda, na nilisubiri afanye walivyofanya wengine, arudi kinyumenyume akisema ana safari. Akaitikia marahaba, akavua kandambili mlangoni, akaingia, akaketi kitandani. Si kwenye kigoda. Kitandani, kitanda kikalalamika.

"Ndicho cha kwako hicho?" mdogo wangu akauliza. "Nilimwambia asikate. Dada yangu hasikii."

"Namwona."

"Hebu niuone mkono uliopimia."

Mama wa Tindiga akautoa. Mdogo wangu akaweka kiganja chake juu ya kile, kikapotea katikati kama cha mtoto.

"Mkono mkubwa, mama!"

"Wa kukamulia."

Wakacheka. Wakacheka kweli, na ule mkono hakuuondoa. Tangu arudi hakuna mtu aliyemgusa mdogo wangu isipokuwa mimi na mhudumu wa hospitali aliyevaa glovu. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya jiko, nikalia kwa sauti ya chini, kanga mdomoni, wasinisikie.

Niliporudi, mgeni alikuwa bado amekasirika. Kicheko hakikumpoza. Akaniamuru nimrudishie kipunguzwa chake pale pale, nikishone kilipotoka, naye haondoki mpaka aone. Nikakitafuta kwenye takataka, nikakiunga. Mshono ulikula kidogo, kitambaa kikabaki na upungufu wa kidole.

"Ongeza," akasema.

"Niongeze nini?"

"Chochote. Ukanda. Nimekupa shibiri yangu, nirudishie shibiri yangu."

Mdogo wangu ndiye aliyeona. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anatazama sakafu yote.

"Dada, si hivyo hivyo na vingine? Acha kupunguza vikubwa. Vizungushie vidogo ukanda mpaka vilingane na cha mama huyu. Miguu itafunikwa."

Nikasema mwalimu alisema tupunguze. Akaniuliza kama mwalimu ndiye anayesikia baridi.

Kwa hiyo tuligeuza kazi. Kitambaa cha mama wa Tindiga kikawa kipimo, na vyote vilivyokuwa chini yake vikahitaji fremu ya ukanda pande zote nne, vingine mwembamba, vingine mpana wa vidole vitatu. Kitambaa cha ukanda kilitakiwa kiwe kingi na cha aina moja, vinginevyo kila upande unavuta kwake. Nyumbani nilikuwa na fulana za mitumba zisizochukuliwa na wenyewe. Nikazichana kanda. Nilijua fulana zinavutika, tena nilijua vizuri, lakini nilikuwa kama mtu anayezama ambaye hachagui jani. Nilipoziunga na kanga, kanda zikatanuka chini ya sindano, fremu zikajikunja mawimbi, kitambaa cha mraba kikawa kama sikio. Nikapiga pasi, ikazidi. Nikafumua kila kitu kwa wembe, mshono kwa mshono, na mdogo wangu siku hizo alikuwa ameacha hata kuomba maji. Alijikunja tu, meno yakigongana. Nilimwomba Mungu, kisha nikagombana naye, kisha nikamwomba tena. Hospitali walishaniambia nikae naye nyumbani. Kitu pekee duniani nilichoweza kumfanyia ni kumpa joto, na nilikuwa nashindwa na vitambaa.

Kitambaa cha kufaa kilikuwepo. Wote wawili tulikijua, na hakuna aliyekitaja. Kilitundikwa kwenye msumari ukutani, mbele ya kitanda: gauni lake jekundu la pamba nzito, nililomshonea mwenyewe alipokuwa anahamia Mikumi, sketi pana yenye marinda kuzunguka. Ndilo alilolitoa kwanza mfukoni aliporudi. Alinituma nilipige pasi, nilitundike anapoliona. "Pasaka nitalivaa," aliniambia. "Nitaingia nalo kanisani, waone." Kila asubuhi nilipofungua dirisha alilitazama kwanza lile gauni kabla ya kunitazama mimi, nami nilikuwa nikifuta vumbi lake kama kitu cha altareni. Maadamu liko pale, alikuwa na safari ya kwenda.

Siku moja baada ya chakula ambacho hakukila, akasema, "Dada, hayo marinda yana kitambaa kingi."

"Hayana."

"Uliyashona wewe. Unajua yalivyo."

"Nitapata kingine. Nitaenda Morogoro."

"Lete mkasi."

Nikamwambia nitalipunguza pindo tu. Nikamwambia nitashona lingine zuri zaidi, la kitenge, la mikono mikubwa. Nilisema maneno mengi. Yeye alisubiri nimalize.

"Nitalivaa lini?" akauliza.

"Si Pasaka? Wewe mwenyewe ulisema Pasaka."

"Pasaka iko mbali, dada. Baridi iko hapa."

Nililishusha. Nilikaa nalo magotini, mkasi mkononi, na mkono haukwenda. Mimi niliyekata vitambaa vya watu kwa raha, nilishindwa kukata cha kwangu. Nilitaka aniambie acha. Alinyoosha mkono wake akashika kiuno cha gauni, akalivuta likakaza kati yetu, kama tulivyokuwa tukishikiana shuka za kukunja tulipokuwa wadogo, akasema, "Anzia kwenye mshono, usiharibu." Nikaanzia kwenye mshono.

Marinda yalipofumuka yalitoa kitambaa kingi kupita nilivyokumbuka. Nilikata kanda zote kwa tepu, ile tepu ambayo kanisani tuliidharau. Nikakizungushia kila kidogo ukanda wake: kile cha bibi mwenye vidole vya ndege kilimezwa na wekundu, vingine vikapata mstari tu. Nikavijaribu juu ya kitambaa cha mama wa Tindiga kimoja kimoja. Vikalingana. Mama yule alirudi na maziwa kwenye kibuyu, akaona tunavyofanya, akakaa akashona nami tabaka za chini kwa mishono mikubwa ya mkono, mibaya sana, na sikuifumua. Ndani tuliweka lile blanketi la kijivu nililolichanua kwa chanuo la mbao likawa laini. Akina mama wengine hawakuja. Nilikwisha acha kuwatazamia.

Tulimfunika mchana, jua liko katikati. Mfarishi ulimfika kidevuni na ukapita miguu, ukabaki wa kupindia. Aliingiza mikono ndani, akafumba macho, na tuliketi pale mimi na mama wa Tindiga tukitazama meno yake. Yalitulia. Baada ya muda akasema, "Aah," kama mtu aliyeshusha ndoo kichwani, akalala. Ukutani msumari ulibaki mtupu, na alipoamka aligeuza uso usielekee upande huo. Hakuitaja Pasaka tena, na mimi sikuitaja.

Uhai wake ulifika katikati ya masika. Mto ulikuwa umejaa, njia ya Mikumi haipitiki, na asubuhi ile mvua ilikuwa imekata kidogo. Nilimpelekea uji nikakuta amekwisha ondoka, mfarishi uko kidevuni, bado una joto.

Akina mama wakaja wote. Msibani hakuna anayeogopa. Waliingia na mikeka na masufuria na kuni zilizolowa, wakajaza uwanja, wakalia kwa sauti zilizofika stesheni. Waliomwosha waliingia chumbani pamoja nami: mama mwenyekiti, bibi mwenye vidole vya ndege, mama wa Tindiga na wengine wawili. Walimwosha vizuri, hilo nalo siwanyimi. Walipomaliza, mama mwenyekiti akanifuta uso kwa kanga yake, akauliza kwa upole ambao ningeupokea kwa mikono miwili miezi ile yote:

"Mwanangu, lile gauni lake jekundu ulilomshonea alipohamia Mikumi liko wapi? Tumvishe."

Nikanyoosha kidole kwenye mfarishi.

Waliutazama. Kila mmoja alitafuta kitambaa chake kwanza, niliwaona, kisha akaona kilichokizunguka. Bibi yule alishika cha kwake, akafuata ule wekundu kwa kidole kuanzia upande mmoja hadi mwingine, akaketi chini polepole. Nje walikuwa wanaimba.

Nikaenda kwenye sanduku nikatoa gauni langu la Jumapili, tukamvisha hilo. Lilimpwaya mabegani, likampwaya kiunoni, na hakuna aliyesema tulipunguze.